Kopo la Ari

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza kweli kweli. Kwa mwandika mabango hii ni likizo ya lazima, maana hakuna rangi inayokubali kukaa kwenye ukuta uliolowa. Leo nimeosha brashi zote, nimefunika makopo, nimeegemeza ngazi nyuma ya mlango wa karakana, na kufikia saa nne asubuhi sikuwa na la kufanya. Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Mkono uliozoea kuandika ukikaa bure unawasha.

Sababu nyingine ni ile ngazi. Wiki iliyopita niliipanda kumalizia jina la duka la vipuri, nikafika juu nahema kama niliyekimbizwa na mbwa, ikabidi nikumbatie ukuta. Fundi pikipiki aliyekuwa chini akaniuliza kama kuna mtu wa kupigiwa simu. Nina miaka arobaini na mitatu na kitambi kinachofika kazini kabla yangu. Basi leo nimemkubalia shemeji, mdogo wake mke wangu, twende wote jimu. Amekuwa akinibembeleza tangu mwaka jana, na sijawahi kumwona akifurahi hivi.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Anaishi nasi, chumba cha pembeni kinachotazamana na karakana, na kazi yake siku hizi ni kukaa mlangoni kwangu kukosoa herufi. Ana haki hiyo, yeye ndiye aliyenifundisha. Nusu ya mabango ya mji huu yalikuwa ya kwake, mpaka mkono ulipoanza kumtetemeka akiwa na umri kama wangu huu. Sasa hata chai tunamjazia nusu kikombe. Mdomo, lakini, haujatetemeka hata siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Jimu. Mkufunzi wanamwita Kifua, na ukimwona huulizi sababu. Alinipa vyuma vidogo kabisa, vya rangi ya waridi, akanisimamisha karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akinyanyua vikubwa kuliko vyangu huku anaongea na simu. Naumwa mpaka kope.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Sikwenda. Mvua haikunyesha, ila ilitaka.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji amekuja na dawa ya uvivu. Ni kopo jeusi lililochorwa fahali mwenye misuli, na ubavuni limeandikwa kwa herufi mbovu, zilizolala upande mmoja: NGUVU. ARI. Ndani kuna unga wa rangi ya chungwa unaonukia pipi. Unakoroga kijiko kimoja na maji, unakunywa kabla ya mazoezi. Nikamuuliza kuna nini ndani.

"Shem, wewe kunywa," akasema. "Maswali utauliza ukishanyanyua."

Nikanywa. Haukupita muda uso ukaanza kuniwasha, wadudu wanatembea chini ya ngozi, na Kifua akasema ndiyo unga unapiga hodi. Kisha nikavinyanyua vyuma vyote nilivyokuwa navikimbia, nikaomba vingine, nikamsaidia na yule mama, ambaye hakuwa ameomba msaada. Niliporudi nyumbani nikapanga upya karakana nzima. Mke wangu akaniuliza kama nimepata mkataba.

Jumatano, 19 Machi

Mkataba umepatikana. Mama Mikate, yule mwenye tanuri la mikate mtaa wa pili, anataka ukuta wake wote wa mbele uandikwe mvua ikikatika, herufi zenye urefu wa mtu. Watu walimshauri achapishe bango la plastiki. Akawajibu kwamba mikate yake inakandwa kwa mkono na jina lake litaandikwa kwa mkono. Sijawahi kupewa kazi kubwa kama hii tangu nianze kusimama peke yangu.

Baba aliposikia akasema nikiikosea herufi ya kwanza nisirudi nyumbani. Kwa Baba hiyo ni baraka.

Jimu naenda kila nikipata nafasi. Unga unafanya kazi. Nimepanda ngazi humu humu karakana bila sababu yoyote, kupima pumzi tu, na pumzi ipo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo mkono umetetemeka.

Nilikuwa naandika kibao cha daktari wa meno, kazi ya mezani. Nilipovuta mstari wa D brashi ikacheza. Si sana, mtu mwingine asingeona. Nikafuta, nikavuta tena, ikacheza tena. Nikaiweka chini nikaunyoosha mkono mbele yangu, na vidole vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, mimi sijavituma. Nilipogeuka Baba alikuwa mlangoni kama kawaida yake. Nikajifanya natafuta kitambaa. Hakusema kitu.

Ijumaa, 28 Machi

Tena.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeamua kwamba ni ule unga. Lazima iwe ule unga. Mke wangu nimemwambia unanichoma tumbo, nikampa kopo, nikasema alitupe, silitaki machoni pangu. Habari ya mkono sikumwambia. Ukilitaja neno kutetemeka ndani ya nyumba hii kila mtu anageukia chumba cha pembeni, na mwenye chumba ana masikio mazuri kuliko sisi sote. Isitoshe, likishasemwa linakuwa kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkono umetulia. Nimekimaliza kibao cha meno na D yake imesimama wima. Siwezi kueleza nafuu niliyoisikia. Nimerudi nyumbani na mfuko mzima wa machungwa, na mke wangu akauliza ni sikukuu gani.

Jumatatu, 7 Aprili

Bila unga sina nguvu. Kichwa kinauma, mwili mzito, jimu naisikia kwa mbali. Shemeji alikuja kunichukua, nikajificha chooni mpaka akaondoka. Kabla hajaondoka nilimsikia jikoni akimwambia dada yake kwamba nimepoteza ari, na mwanamume akipoteza ari hatua inayofuata ni kuongea peke yake. Nilitaka kumjibu, lakini ningejibu kutoka chooni.

Alhamisi, 10 Aprili

Mke wangu ameanza kunikamulia juisi ya machungwa asubuhi kabla hajaenda kazini. Tamu ajabu. Nimemsifu, akafurahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Imerudi.

Unga nimeuacha, jimu siendi, na mkono unatetemeka kuliko mwanzo. Basi si unga. Nimekaa karakana nikiuangalia mkono wangu wa kulia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Baba alianza na mkono huu huu, umri huu huu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema, na mimi miaka yote nimependa kuambiwa kwamba nimemfuata Baba kwa kila kitu. Naogopa. Sijui kazi nyingine.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Juisi. Mkono.

Na jambo jingine: Baba hakosoi tena. Anakuja, anakaa mlangoni, anaangalia, anaondoka. Leo niliandika S moja mbaya makusudi, tumbo limetangulia mbele, nikamsubiri. Zamani S ya namna ile ingenipatia hotuba ya kutwa. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akaomba asaidiwe kurudi chumbani. Nadhani amenikatia tamaa, na imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumapili, 20 Aprili

Jua lilitoka kidogo, Mama Mikate akaniita nimwandikie mlango wa pembeni kwanza, aone mtindo. Neno moja tu, SUKUMA. Nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikabana pumzi, na bado U zote mbili zilitoka na mawimbi. Mama Mikate akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande, akasema naona umebadilisha mwandiko, herufi zimechangamka, zinacheza. Nikamwambia ndiyo, mtindo mpya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 21 Aprili

Juisi ya leo ilikuwa glasi kubwa na tamu zaidi. Mke wangu ananihurumia bila kujua kisa. Nimemwambia juisi yake ndicho kitu pekee kinachonifurahisha siku nzima, na sikuwa natania.

Alhamisi, 24 Aprili

Silali. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Mvua inapiga mabati na mimi nageuka huku na huku mpaka mke wangu ananisukuma kwa kiwiko.

Leo nimekumbuka bango la mwisho la Baba. Lilikuwa la fundi saa. Mimi nilikuwa ndio nimemaliza shule, namshikia kopo chini ya ngazi. Neno lenyewe lilikuwa fupi, SAA, na alilifuta na kuliandika upya mpaka ukuta ukabadilika rangi. Fundi saa akatoka, akatazama, akasema kwa upole kwamba si lazima kumaliza leo. Upole ule ndio uliommaliza. Alishuka, akaziosha brashi moja moja, akazikausha kwa shati lake mwenyewe, akanipa mimi. Hatukulizungumza tena. Miaka yote nimedhani namwelewa, kumbe nilikuwa namwonea huruma tu, na hivyo ni vitu viwili.

Asubuhi nikavaa, nikaenda kumwambia Mama Mikate achapishe tu hilo bango la plastiki. Njiani nilipanga maneno: kwamba nina kazi nyingi, kwamba mgongo unanisumbua. Nikafika mlango wa pembeni. SUKUMA yangu ilikuwa pale, inacheza. Nilisimama na mwavuli wangu, nikaisoma kama mtu asiyejua kusoma, mpaka mfanyakazi mmoja akatoka na trei akaniuliza kama nataka kuingia au kutoka. Nikageuka nikarudi nyumbani bila kusema neno.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu nitakwenda hospitali. Nimeliandika hapa ili nione aibu nisipokwenda.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda.

Daktari ni binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, lakini hana haraka, na hilo lilinituliza. Alinipima mapigo ya moyo, akakunja uso, akapima tena. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, karatasi ikawa inapiga kelele. Akanipa kalamu, akasema nichore konokono, mstari unaozunguka kutoka ndani kwenda nje. Maisha yangu yote nimekula kwa mkono huu, na leo umeshindwa na konokono.

Nikamweleza habari za Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hatanidanganya, kuna kutetemeka kunakotembea kwenye ukoo, na inawezekana. Ila moyo wangu unakwenda mbio kupita kiasi, na hilo hakulipenda. Akauliza kahawa, vidonge, pombe, vinywaji vya kutia nguvu. Nikamwambia unga niliuacha tangu mwanzo wa mwezi. Akafikiri. Akasema nirudi nyumbani, nikae na mke wangu, tupitie kila kinachoingia kinywani mwangu tangu naamka mpaka nalala, kisha nimpigie simu. Nikae na mke wangu: hicho hasa ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Jioni nikamkuta jikoni anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza na daktari, nikarudi nyuma kwenye kibao cha meno, nikaenda mbele kwenye SUKUMA, nikaishia kwa Baba. Nilimwambia naogopa. Sijawahi kumwambia hivyo tangu tuoane. Yeye akaacha mchele, na mkono akauweka mdomoni.

"Na hilo tumbo?" akauliza. "Si ulisema unga unakuchoma tumbo?"

"Nilidanganya. Sikutaka ujue habari ya mkono."

Akatazama kona ya mfuko wa sukari. Kisha akasema neno moja, "Juisi."

"Juisi imefanya nini?"

"Usinikasirikie kwanza, baba watoto."

Akainuka, akasogeza mfuko wa sukari, akasogeza debe la mafuta, akaingiza mkono mpaka ukutani. Akatoa kopo jeusi lenye fahali. Unga ulikuwa umebaki chini kabisa.

"Uliniambia nilitupe," akasema. "Mimi ni mtunza stoo. Miaka yote hiyo pale kiwandani, kitu kizima nakitupaje? Halafu nikakuona umenyong'onyea, huli, huongei, na mdogo wangu anasema ari imekuisha. Nikasoma hapa wameandika ari. Nikasema kama unachoma tumbo ukinywewa na maji, labda ukiwa ndani ya machungwa utakuwa mpole. Nilianza na nusu kijiko."

"Ukaishia wapi?"

"Wewe ulisifu sana," akasema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu mimi kila nilipomsifu aliongeza kijiko. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kigoda nikakaa chini sakafuni, na katikati ya kicheko nikakuta nalia, na yeye akaja akakaa pale pale sakafuni akalia na mimi, akiomba radhi, na mimi nikimwambia nyamaza, hujui umenipa nini. Wali haukupikwa. Tulikula mkate wa Mama Mikate.

Jumanne, 29 Aprili

Nimempigia daktari. Alikohoa kwa muda mrefu, na nina hakika alikuwa anacheka. Akasema nisifurahi mapema, niache kila kitu, mkono wenyewe ndio utasema.

Nimemshtaki shemeji kwa dada yake. Amejitetea kwamba angalau sasa tumethibitisha unga unafanya kazi.

Jumatano, 30 Aprili

Kichwa kinauma. Ni maumivu yale yale ya mwanzo wa mwezi, na safari hii nayapokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimechora konokono. Nimechora wengine nyuma ya bahasha, kwenye magazeti, kwenye meza ya karakana. Wote wametulia ndani ya nyumba zao. Nimelala usingizi wa mtoto, na nilipoamka mke wangu alikuwa ameketi kitandani, ameshika vidole vyangu, anavitazama.

Jumanne, 6 Mei

Daktari ameridhika. Moyo umerudi kwenye mwendo wake, karatasi haikupiga kelele. Akasema nikiona dalili tena nirudi, ila anachokiona leo ni mkono mzima. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli kama kichaa, na nilikuwa nao mkononi.

Jimu nimerudi bila unga. Ari haikuja, nikaenda hivyo hivyo. Yule mama mtu mzima akaniambia hata yeye haimjii, yeye anakuja kwa sababu ameshalipia. Kifua akanirudishia vyuma vya waridi.

Baba sijamwambia. Nilifikiri, hakujua lilipoanza, kwa nini nimbebeshe baada ya kuisha?

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imekatika. Ukuta wa Mama Mikate unakauka.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimeandika ukuta.

Asubuhi nikiwa natoa ngazi Baba alisema anataka kuja. Hajawahi kunifuata kwenye kazi ya nje tangu aache brashi. Mke wangu akaomba ruhusa kazini, shemeji akabeba kiti, tukamweka ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka. Nikapanda. MIKATE YA LEO, ndilo jina. Nilivuta ule mstari wa kwanza wa M kutoka juu mpaka chini bila kusita, na brashi ilikwenda nilipoituma. Nikavuta wa pili. Nikasahau kuogopa, nikawa naandika tu, na furaha niliyoisikia kule juu ilikuwa kubwa hata nikaanza kuimba, na mimi sijui kuimba. Mama Mikate alitoka, akasema bora nimeacha ule mtindo mpya.

Neno la kwanza lilipokwisha nikashuka, pumzi zangu zote ninazo, nikavuka barabara kwenda kusikia makosa yangu. Baba hakuwa anaangalia ukuta.

"Nipe mkono," akasema. "Ule wa kazi."

Nikampa. Akaushika kwa mikono yake miwili, akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Mikono yake ikawa inautikisa wangu, juu, chini, juu, chini. Akafumbua macho.

"Hii yangu haiwezi kupima," akasema. "Siwezi kujua ni wewe au ni mimi."

Nikamuuliza anapima nini, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Tangu kile kibao cha meno nakuona," akasema. "Wenzangu wanawaachia watoto nyumba na mashamba. Nikasema, mimi mwanangu nimemwachia hiki. Ningekukosoa kwa mdomo gani?"

Mimi nilikuwa nimesema amenikatia tamaa. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamweleza yote haraka haraka, kopo, machungwa, mke wangu na stoo yake, konokono, daktari. Nilijitahidi kuyafanya ya kuchekesha. Hakucheka. Nilipomaliza akaichukua mikono yake yote miwili, akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia isimsumbue. Kisha akanigeuzia shavu.

"Basi uweke hapa."

Nikauweka, na rangi zake zote, kwenye shavu la Baba. Watu walikuwa wanapita, wengine wakigeuka kututazama. Mkono wangu ulikaa kimya pale juu ya ndevu zake za siku mbili, na yeye alifumba macho akausikiliza kwa ngozi, mpaka machozi yakaanza kupita katikati ya vidole vyangu.

"Umetulia," akasema. "Umetulia, mwanangu."

Sikuuondoa mpaka alipotosheka.